Kujitoa kwenye Pensheni ya Pili na Haki ya Pensheni ya Msingi Uingereza

Mada kwa semina ya Waswahili wanaofanya kazi Uingereza



Swali ninalolijibu leo nimeulizwa mara nyingi, na karibu kila mara na mtu aliyefanya kazi hospitali au kwenye halmashauri ya mji: "Wameniambia nilijitoa. Je, pensheni yangu ya serikali imekwenda?" Haikwenda. Nitalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu nimeona watu wazima wakikosa usingizi kwa hofu hiyo, na wengine wakiacha fedha zao halali zikilala mahali wasikojua kwamba zipo.

Kabla ya Aprili 2016 pensheni ya serikali ya Uingereza ilikuwa kama nyumba ya ghorofa. Chini ilikaa pensheni ya msingi. Hiyo ilihesabiwa kwa miaka uliyochangia Bima ya Taifa, na mshahara haukuulizwa: mfagizi na daktari wenye miaka sawa walilipwa sawa. Juu yake ilikaa pensheni ya ziada, ambayo ilifuata mshahara. Ilianza Aprili 1978 kwa jina la SERPS, na Aprili 2002 nafasi yake ikachukuliwa na Pensheni ya Pili ya Serikali.

Kujitoa kulihusu ghorofa ya juu peke yake. Sheria ilimruhusu mwajiri mwenye mfuko wake wa pensheni kuiambia serikali kwamba sehemu ile ya juu atawalipa yeye watu wake. Serikali nayo ilipunguza makato ya Bima ya Taifa kwa pande zote mbili. Katika miaka ya mwisho ya utaratibu huo mfanyakazi alikatwa asilimia 10.6 badala ya 12 kwenye sehemu kubwa ya mshahara wake, na mwajiri akalipa asilimia 10.4 badala ya 13.8. Mwenye hati za mshahara za zamani azitazame: herufi D kwenye mstari wa Bima ya Taifa ndiyo alama yake. Wauguzi wa NHS, huduma ya afya ya taifa, waliokuwa kwenye mfuko wa pensheni, walimu, polisi, wanajeshi na watumishi wa halmashauri walikuwa humo, na wengi hawakuulizwa wala hawakutia saini yoyote. Walijiunga na mfuko wa kazini, basi wakawa wamejitoa.

Ghorofa ya chini hakuna aliyeweza kuitoka. Aliyelipa makato yale yaliyopunguzwa aliandikiwa mwaka wake kamili wa pensheni ya msingi, sawa na jirani yake aliyelipa yote. Wakenya hapa hawatalishangaa hilo, kwa maana sheria ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya, ya mwaka 2013 imejengwa kwa wazo lilelile: michango ya Daraja la Pili mwajiri anaweza kuipeleka kwenye mfuko mwingine uliokubaliwa, lakini ya Daraja la Kwanza lazima ibaki NSSF.

Kwa hiyo mzee aliyefikia umri wa pensheni kabla ya tarehe 6 Aprili 2016 hana la kuhofia kwenye pensheni ya msingi. Akiwa na miaka yake anaipata yote, na mfuko wa kazini unamlipa sehemu yake pembeni.

Vurugu imeletwa na tarehe hiyo 6 Aprili 2016. Siku hiyo ghorofa mbili zilibomolewa ikajengwa nyumba moja, pensheni mpya ya serikali, na kujitoa kukafutwa kwa wote waliokuwa wamebaki. Kiwango kamili cha pensheni mpya mwaka ule kilikuwa pauni 155.65 kwa wiki, na cha pensheni ya msingi ya zamani pauni 119.30. Serikali ikamhesabia kila mtu mara mbili, kwa kanuni za zamani na kwa kanuni mpya, ikampa hesabu iliyo kubwa kuwa mahali pa kuanzia. Katika hesabu ya kanuni mpya kuna kiasi kinachotolewa kwa sababu ulijitoa, na kwenye barua za makadirio kimepewa jina COPE, yaani kiasi kinacholingana na pensheni uliyojitoa. Hapo ndipo watu walipoona jina la kujitoa limeandikwa kando ya pensheni yao, wakadhani wameibiwa.

Tuchukue mfano niliouunda mwenyewe. Dada muuguzi alianza kazi Aprili 2001, akawa kwenye mfuko wa NHS miaka 15 hadi Aprili 2016. Kwa kanuni za zamani, 15 kwa 30 ya pauni 119.30 ni pauni 59.65. Kwa kanuni mpya, 15 kwa 35 ya pauni 155.65 ni pauni 66.71, tutoe COPE ya pauni 20, zinabaki 46.71. Anapewa iliyo kubwa, 59.65. Hata COPE yake ingekuwa pauni 40, mwanzo wake usingeshuka chini ya 59.65, kwa kuwa kiasi hicho ndicho pensheni yake ya msingi, na sheria imekifanya kuwa sakafu.

Kisha kila mwaka anaochangia baada ya Aprili 2016 unamwongezea 1 kwa 35 ya kiwango kamili, yaani pauni 4.45 kwa viwango vya mwaka ule, mpaka afikie kiwango kamili au umri wa pensheni. Dada yetu anahitaji miaka 22. Jumlisha na ile 15, ni 37. Ndiyo maana nawasihi muache kuambiana kwamba miaka 35 inamtosha kila mtu. Aliyewahi kujitoa, mara nyingi anahitaji zaidi, na akiacha kazi kwa kuamini hesabu ya 35 atashangaa atakapolipwa.

Kosa la pili ninalolikuta ni kuitoa COPE mara mbili. Kiasi mnachokiona kwenye makadirio ya pensheni kimekwisha kupunguzwa. Msichukue kalamu mkakipunguza tena. Na kabla ya kulipa michango ya hiari ya kununua mwaka, ulizeni kwanza kama mwaka huo utaongeza chochote. Zipo hali ambazo mwaka wa kabla ya 2016 hauongezi hata peni moja kwa mtu aliyejitoa, ilhali mwaka wa baadaye ungemwongezea.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. COPE ni dalili kwamba kuna mfuko mahali fulani ulioahidi kukulipa. Wapo wenzetu waliofanya kazi hospitali miaka minne, wakahamia kwenye udereva au biashara, na hawajawahi kuudai mfuko ule. Aliyetoka kabla ya miaka miwili akarudishiwa michango yake yuko tofauti: mwajiri alilipa fidia serikalini, na haki yake kwenye pensheni ya ziada ikarejeshwa. Aliyekaa zaidi ya miaka miwili akaondoka bila kuhamisha haki zake ana pensheni inayomngoja hata leo.

Kwa anayepanga kurudi nyumbani hili ni zito zaidi. Pensheni ya serikali ya Uingereza haipandishwi kila mwaka kwa mstaafu anayeishi Kenya, Tanzania au Uganda. Inabaki palepale ilipokuwa alipoanza kulipwa huko, au alipohamia. Kesi ya wastaafu wanaoishi nje ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikashindwa mwaka 2010. Naona ni dhuluma, kwa sababu watu hao walichangia kama wengine wote. Lakini pensheni ya NHS au ya halmashauri inapanda kufuata bei ya vitu popote mstaafu alipo. Aliyejitoa akarudi Tanga au Kisumu anaweza kuona baada ya miaka 15 kwamba kile kipande alichokililia ndicho kinachomlipia dawa.

Hivyo nawaomba wote mliofanya kazi hospitali, shule ya serikali au halmashauri kabla ya tarehe 6 Aprili 2016: wiki hii hii uandikieni mfuko wa pensheni wa kazi hiyo. Wapeni namba yenu ya Bima ya Taifa, miaka mliyofanya kazi na anwani mnayoishi sasa, muwaulize wana nini kwa jina lenu. Na kama mama au baba yenu alifanya kazi hizo akarudi nyumbani, mwandikieni barua hiyo yeye kwanza.