BETRI YA GARI LA USHIRIKA: BEI YAKE NA UANGALIZI WAKE
(Mazungumzo kwa Makatibu, Wajumbe na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Gari ni mali ya kudumu, lakini betri yake si ya kudumu. Jambo hili ni dogo, ila hugharimu fedha nyingi lisipowekwa katika makisio ya mwaka. Chama hununua gari la fahari lililokwisha tumika, kwa bei iliyoonekana nafuu, na mkutano ukapiga makofi. Siku moja alfajiri gari haliwaki, na mezani kwa Katibu yaja ankara ambayo hakuna aliyeitazamia.

Yafaa kwanza kufahamu kwa nini betri ya gari la namna hiyo huwa ghali kuliko ya pikapu. Kwa asili zote ni moja: volti 12, vyumba sita vya madini ya risasi na asidi, uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859. Lakini magari mengi ya fahari ya siku hizi huzima injini yenyewe yanaposimama na kuiwasha tena yanapoondoka. Kazi hiyo huitaka betri iitwayo AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo. Anayeweka betri ya kawaida mahali pa AGM kwa nia ya kubana matumizi hununua hasara, kwani itachakaa upesi.

Sababu ya pili ni mahali ilipowekwa. Katika BMW X5 betri hukaa nyuma, chini ya sakafu ya buti. Katika Audi Q7 hukaa chini ya kiti cha mbele. Sababu ya tatu ni kompyuta. Katika BMW za namna hiyo, kompyuta ya gari hapana budi iarifiwe kwamba betri ni mpya. La sivyo huendelea kuichaji kana kwamba ni ile kuukuu. Fundi mwenye chombo cha kazi hiyo naye hulipwa. Tena yako magari, kama Toyota Land Cruiser kadhaa za dizeli, yenye betri mbili.

Chukueni mfano. Betri iwe shilingi 1,200,000, na ufundi pamoja na kompyuta shilingi 300,000. Jumla ni shilingi 1,500,000. Ikiwa ushuru wa chama ni shilingi 50 kwa kilo, fedha hizo ni ushuru wa kilo 30,000 za mazao. Mzee aliyebeba gunia lake mpaka ghalani ana haki ya kusimama mkutanoni na kuuliza betri hiyo imekula nini, na Katibu anapaswa kuwa na jibu.

Jibu halipatikani dukani, bali katika uangalizi. Kabla ya kununua, betri na ipimwe baada ya gari kulala usiku kucha. Ikionyesha volti 12.6 au zaidi, imejaa. Ikishuka chini ya 12.4, ichajiwe. Ikiwa 12.0, imekwisha nguvu, lakini hiyo si hati ya kifo chake: ichajiwe, kisha ipimwe tena chini ya mzigo. Mara nyingi mkosaji ni alteneta isiyochaji, nyaya zilizoota kutu vichwani, au taa ya buti inayowaka siku nzima gari likiwa limefungiwa. Chama kinachobadili betri bila kutafuta kiini cha ugonjwa kitabadili ya pili kabla mwaka haujaisha. Gari linalokaa wiki nyingi bila safari lichajiwe, na likingwe na jua kali, kwani joto hufupisha maisha ya betri.

Ikithibitika kwamba imekufa, utaratibu ufuatwe. Bei ziombwe kwa maandishi kutoka kwa wauzaji watatu, zote kwa aina na ukubwa ule ule. Kamati iidhinishe kabla ya malipo, si baada yake. Katika daftari la gari ziandikwe namba ya betri, tarehe iliyofungwa, kilomita za siku hiyo na muda wa dhamana. Nayo kadi ya dhamana ikae katika jalada la chama, si mfukoni mwa dereva. Vyama hupoteza fedha kwa sababu betri ilikufa ndani ya dhamana na hakuna aliyeiona kadi.

Betri kuukuu nayo ni mali. Risasi yake huyeyushwa na kutumika tena, na kwa hiyo ina mnunuzi. Iuzwe kwa stakabadhi, na fedha ziingizwe kitabuni. Isitupwe shambani wala kuvunjwa uani, kwa kuwa risasi ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto.

Basi, kabla mkutano mkuu haujapitisha ununuzi wa gari lolote, Katibu aulize bei ya betri, ya magurudumu na ya matengenezo yake, ajibu kwa tarakimu mbele ya wanachama. Gari ambalo chama hakimudu betri yake, chama hakikulimudu tangu siku ya kwanza. Wahenga wa vitabu vya hesabu walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.