Majarida ya Kurekodi Muziki



Hapa Chikongola nilimrekodi marehemu mama akiimba, maikrofoni moja kwake, nyingine kwenye ngoma. Nilipoziunganisha, sauti yake ikawa nyembamba, kama yatoka mtungini. Sababu niliikuta baadaye katika Sound on Sound, jarida lililoanzishwa Uingereza mwaka 1985: sauti moja ikifika kwenye maikrofoni mbili kwa kupishana, mawimbi hufutana. Ikiwa ya kwanza iko nusu futi kutoka kinywani, ya pili iwe futi moja na nusu mbali nayo. Hata mafundi mitambo wa studio huyarudia hayo. (Matangazo ya mitambo yarukeni, yatawafilisi.)

Mama hayupo aimbe tena. Bibi zenu wapo. Nimekuja na nakala chache. Baada ya chai, njoni mchukue.