Kiasi si Uvuguvugu: Muumini wa Kawaida na Sura ya Ukristo nchini Kenya



Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwanafunzi mmoja alinisubiri mlangoni baada ya kipindi. Akaniuliza, "Mwalimu, na wewe bado unakwenda kanisani?" Hakuwa akinikejeli, alikuwa ameingiwa na hofu. Nilimjibu "ndiyo", nikaondoka upesi. Jibu lile linaniuma hadi leo. Mhadhara huu ni deni langu kwake.

Miili iliyofukuliwa ilipita 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyedaiwa kuwahimiza wafuasi wake wafunge hadi kufa, alishtakiwa pamoja na wenzake, wakakana mashtaka. Hukumu tuiachie mahakama. Kinachonileta hapa ni namna jina la Kristo lilivyobadilika masikioni mwa watu. Kwa sensa ya 2019, zaidi ya Wakenya wanane katika kila kumi ni Wakristo. Wengi wao mnawajua: mama anayebeba sufuria kwenda matangani, mzee wa jumuiya ndogondogo anayepitisha daftari la mchango wa jirani aliyelazwa. Hawa hawana kamera inayowafuata, wala hawaitaki.

Biblia ya Kiswahili ina maneno mawili ambayo tumeyachanganya. Katika matunda ya Roho ambayo Paulo aliwaandikia Wagalatia, la mwisho ni kiasi. Katika Ufunuo, kanisa la Laodikia linakemewa kwa kuwa vuguvugu. Leo anayefunga na kusali, kisha akampeleka mwanawe hospitali, anayeshika imani yake bila kumlaani jirani anayeswali, huhesabiwa muumini nusu. Anayekataza dawa na shule ndiye anayeonekana ameiva. Nalikataa hilo kwa moyo wote. Kiasi ni nidhamu, na nidhamu ina moto wake.

Tumewahi kuwaona wenye moto huo. Askofu Henry Okullu, Askofu David Gitari na Mchungaji Timothy Njoya waliukemea utawala wa chama kimoja mimbarini, kwa ibada zilezile za kawaida tulizozoea. Askofu Alexander Muge alionywa na waziri mmoja asikanyage Busia. Alikwenda, na Agosti 1990 akafa katika ajali ya barabarani akirejea. Siku hizo, Mkenya aliyesikia neno "kanisa" alifikiri kwanza juu ya watu kama hao.

Kisha tukanyamaza. Pengine kunyamaza si neno lake: tulichukua pande. Februari 2008, baada ya damu iliyofuata uchaguzi, Baraza la Kitaifa la Makanisa liliungama hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea upande, likaomba radhi. Naiheshimu sana toba ile. Lakini imani ya watu haikurudi kwa tamko moja, na pengo tuliloliacha likajazwa na wenye vipaza sauti.

Zimekuwapo dalili njema. Butere, Septemba 2021, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza mwanamke wa Kianglikana kuongoza dayosisi nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa mimbari. Ni mimbari ileile wengi wetu tuliyowapa miaka mingi, huku tukijua.

Kwa wazee wa makanisa nina ombi moja. Waliokwenda Shakahola hawakuzaliwa msituni. Walikuwa na ndugu na majirani. Familia ikitoweka ibadani miezi mitatu, msiishie kufuta jina lake daftarini. Nendeni mkabishe hodi. Mtoto akiachishwa shule kwa jina la Mungu, msiseme ni mambo ya nyumba ya watu.

Yule mwanafunzi sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimemwomba aketi safu ya mbele, na swali la kwanza ni lake. Safari hii sitaondoka.