Wimbo usio na kipindi

Juma hili nina jambo linalonisumbua rohoni, nalo linanihusu mimi mwenyewe kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya mavuno ya mpunga, kijana mmoja wa hapa Kasansa alinijia na simu yenye nyimbo tatu. Zeze la babu yake lilitangulia, gitaa la umeme likajibu kwa mngurumo, na chini yake ngoma za Kisukuma. Nilisikiliza nusu ya wimbo wa kwanza, nikamrudishia simu yake. Nikamwambia, "Mwanangu, hii si ngoma wala si dansi. Nitaiweka kipindi gani?" Akajibu, "Sawa, mzee," akaenda zake.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dar es Salaam ilikuwa na bendi iitwayo Sunburst. Vijana hao, Watanzania wakiwa pamoja na wenzao kutoka Zaire, walichanganya roki, soul na jazz na midundo ya Kiafrika. Ilihitaji moyo. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo uliihusisha Dar es Salaam, alikuwa amepiga marufuku muziki wa soul kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Hoja hiyo ilikuwa na mizizi. Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alisikitika kwamba wasomi wetu walijua dansi za Wazungu kuliko ngoma za kwao. Alisema kweli. Lakini kati ya kupenda chako na kumfungia mwenzako mlango pana nafasi kubwa.

Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa na mahali pa kuegemea. NUTA Jazz, kwa mfano, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na wapenzi wa dansi walijua wanakwenda kusikia nini. Sunburst hawakuingia katika fungu lolote. Tena nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Wanamuziki wetu wengi walitegemea Nairobi. Sunburst wao walielekea kusini, Zambia, ambako vijana wa miji ya shaba walikuwa wakipiga roki yao bila kuona haya. Santuri yao kubwa, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976, ikawa ya kwanza na ya mwisho. Bendi haikudumu.

Mwaka 2016, miaka arobaini baadaye, kampuni ya Strut ya London iliitoa upya santuri ile. Pamoja nayo ziliwekwa nyimbo ambazo bendi hiyo ilirekodi Radio Tanzania mwaka 1973, na ambazo hazikuwahi kuuzwa.

Hapo ndipo moyo wangu ulipogutuka, msikilizaji. Mwaka 1973, miaka michache tu baada ya ile marufuku, mtangazaji au fundi mitambo fulani aliwafungulia vijana wale studio. Hakuwauliza watawekwa kipindi gani. Aliweka utepe, akabonyeza kitufe, na utepe ukahifadhiwa. Mimi, mwenye stashahada ya uandishi wa habari na kinasa sauti mfukoni, nilishindwa kufanya hilo.

Nimemtafuta kijana yule. Anaendesha bodaboda Mpanda mjini. Gitaa aliliuza, simu iliibiwa, nyimbo zikaenda nayo. Babu yake mwenye zeze amefariki. Nilipomwomba radhi alicheka, akasema, "Yamepita hayo, mzee." Kwake labda yamepita, kwangu bado.

Mlinzi wa utamaduni ni yule anayehifadhi kwanza, kisha akahukumu. Basi kuanzia juma lijalo, robo saa ya mwisho ya kipindi hiki ni ya wimbo usio na kipindi. Ukiwa Kasansa, Usevya, Majimoto au popote Katavi, na una mlio ambao watu wanasema hauna jina, ulete. Nitaurekodi wote, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha ndipo tubishane.

Kwaheri kwa sasa.