Mila Ipimwe kwa Kipimo Gani?



Huku kwetu Mbagala na Tandale jambo hili si geni: matanga hayajaanuliwa, nao ndugu wa marehemu wamekwisha kudai funguo za nyumba. Mjane akiuliza, hujibiwa, "Ndiyo mila yetu." Nasi majirani hunyamaza, tukisema kila kabila lina desturi zake.

Tunakiri kwamba ukimya huo una chembe ya heshima. Wamisionari wengi walizihukumu ngoma zetu kuwa za kishenzi. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ngoma hizo hizo zikapigwa kanisani. Apimaye mila pasipo kuielewa hukosea.

Je, basi, mila isipimwe kamwe? Sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema mjane hana fungu katika urithi iwapo mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Hata hapo, wajibu wa kutunza umetajwa. Anayemfukuza mama pamoja na watoto wake huchukua mali kwa jina la mila na kuuacha wajibu njiani. Huyo haitetei mila; anaitumia.

Kwa hiyo tumwulize kwanza yule anayebeba mzigo wa mila. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithishwa ardhi na baba yake kwa wosia, kisha akaiuza. Ndugu wa ukoo alipinga, akidai mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba katazo hilo linapingana na usawa uliomo katika Katiba. Kipimo hicho hakikudaiwa na mgeni, bali na binti wa ukoo wenyewe. Nazo nchi za Afrika, katika Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, zilikubaliana kwamba mjane anastahili fungu la haki katika mali ya mumewe, na kuendelea kuishi katika nyumba yao.

Ndugu wapendwa, tufanye nini? Waume na waandike wosia wangali hai. Mjane asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Jumuiya imsindikize kufungua mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, au katika kituo cha mahakama kilichopo Temeke kinachoshughulikia mirathi na ndoa. Na siku tutakapoambiwa, "Ndiyo mila yetu," tuulize kwa upole: je, na mama huyu si mwenye mila?