Si Kila Uvimbe wa Figo Hukatwa

Mtu akiambiwa Sumbawanga kwamba figo yake ina uvimbe, ukoo mzima huanza kuuza ng'ombe. Tusikimbilie kulia. Si kila uvimbe ni saratani.

Upo uvimbe wa mafuta, misuli na mishipa ya damu, unaowapata zaidi wanawake. Kipimo cha CT kikithibitisha ndio huo, nao haujafika sentimita 4 wala hausumbui, kwa kawaida madaktari hawakati; huupima tena baada ya muda. Wengi huishi nao miaka mingi bila dhara. Ukikua, waweza kuvuja damu, hasa wakati wa ujauzito. Hapo mshipa unaoulisha huweza kuzibwa na figo ikabaki. Muhimbili ilianza kufundisha madaktari tiba za namna hiyo mwaka 2018.

Shida ni kurudi kupimwa. Anayetoka Muze, chini ya Lyamba lya Mfipa, haoni sababu ya kupanda mlima ilhali haumwi. Ndugu yangu, panda, na karatasi ya kipimo cha kwanza uwe nayo. Ila ubavu ukichoma ghafla, au mkojo ukiwa na damu, usingoje tarehe.