Mtambo Unaporudi Nyuma: Mazungumzo juu ya Mikanda na Visima

(Mazungumzo yaliyotolewa ukumbini na mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali katika kazi za maji, siku ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani.)



Kwanza kabisa sina budi kumshukuru Katibu wa chama chetu kwa kunialika. Aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya mafanikio katika utumishi wa umma. Nilimjibu kwamba juu ya hilo wapo wenye mengi kuliko mimi, nikaomba ruhusa nizungumze juu ya mkanda. Nadhani alifikiri nimekosea kuandika. Sikukosea.

Wenzangu wa miaka ya 1990 wataikumbuka mashine ya kusaga iliyokuwa nyuma ya jiko. Aliyechelewa paredi alibebeshwa gunia la mahindi mpaka pale, akangoja mpaka limesagwa. Mimi nilichelewa paredi mara nyingi, kwa hiyo naikumbuka vizuri. Injini ya dizeli ilikuwa upande mmoja, kinu upande wa pili, na katikati mkanda mpana wa turubai na mpira. Mkanda ule haukwenda moja kwa moja. Ulipishana katikati kama tarakimu 8. Niliutazama kwa miaka minne nikidhani mzee wa mashine ameufunga vibaya. Sikumwuliza hata siku moja. Swali hilo moja ambalo sikuliuliza ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Jibu lake ni rahisi. Chukueni makopo mawili na kamba. Kamba ikiyazunguka makopo yote mawili bila kupishana, ukizungusha kopo la kwanza kuelekea kulia, la pili nalo huenda kulia. Ukiipisha kamba katikati, la pili huenda kushoto. Injini ya shule ilikuwa imefungwa upande ambao ungeizungusha mashine kinyume, na badala ya kuvunja sakafu na kuihamisha injini, mzee yule aliupisha mkanda. Kazi ya siku tatu aliifanya kwa dakika kumi.

Sasa tuje kwenye visima. Tarehe 27 Agosti 1859, huko Titusville katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kisima cha Edwin Drake kilifikia mafuta kwa kina cha futi 69 na nusu, yaani mita 21 hivi. Mtambo wake uliendeshwa na injini ya mvuke. Katika miaka iliyofuata, wachimbaji wa mafuta walizoea injini za mvuke zenye vali za kugeuza mwendo: mchimbaji alivuta kamba akiwa palepale kwenye mdomo wa kisima, na injini ikazunguka upande mwingine. Lakini zilipokuja injini za gesi, na baadaye za petroli na dizeli, palitokea tatizo. Injini ndogo ya dizeli ya kawaida huzunguka upande mmoja tu, kwa sababu kufunguka kwa vali zake na kuingia kwa mafuta vimepangwa kwa mwelekeo huo mmoja. Basi ikiwa injini haigeuki, lazima kitu kilicho kati ya injini na kisima ndicho kigeuke. Njia mojawapo, na ya bei nafuu, ni mikanda miwili.

Naomba mnivumilie nieleze jinsi inavyofanya kazi, maana vijana wa Kidato cha Tatu na cha Nne wanaweza kuitengeneza wenyewe. Kwenye shafti ya injini huwekwa puli moja pana kama pipa. Kwenye shafti ya mtambo huwekwa puli tatu zilizopangwa bega kwa bega. Ya katikati imekazwa kwenye shafti. Mbili za pembeni ni huru, huzunguka bila kuizungusha shafti. Mikanda yote miwili hutoka kwenye lile pipa: mmoja unakwenda wazi, mwingine umepishana. Mbele yake kuna uma wa chuma wenye mkono, ambao huisogeza mikanda yote miwili kwa pamoja.

Mkono ukiwa katikati, kila mkanda uko juu ya puli yake huru. Injini inanguruma na mtambo umetulia. Ukiusukuma mkono upande mmoja, mkanda wazi unapanda juu ya puli iliyokazwa na mtambo unakwenda mbele. Ukiuvuta upande wa pili, ni zamu ya mkanda uliopishana, na mtambo unarudi nyuma. Wakati wote huo injini haijui lolote. Kasi nayo ni hesabu ya darasani. Puli ya injini ikiwa na kipenyo cha sentimita 20 na kuzunguka mara 900 kwa dakika, puli ya mtambo yenye sentimita 60 itazunguka mara 300, na nguvu yake ya kuzungusha itakuwa karibu mara tatu, tukitoa kinachopotea kwa msuguano.

Kuna mambo mawili ambayo hayako kwenye hesabu. La kwanza, puli nyingi za mkanda bapa huwa na tumbo kidogo katikati. Mgeni atasema mkanda utateleza kutoka kwenye mwinuko huo. La hasha! Mkanda bapa huupanda mwinuko na kukaa juu yake, ndiyo maana hautoki. Ni lile pipa la injini tu linaloachwa tambarare, ili mikanda iweze kusogea. La pili, mkanda uliopishana huikumbatia puli zaidi kuliko mkanda wazi, kwa hiyo hushika vizuri, lakini husuguana wenyewe pale unapopishana na kuchakaa mapema. Fundi mwenye busara huutumia kwa muda mfupi, kwa kazi inayohitaji kurudi nyuma tu.

Na kazi hiyo ni ipi? Hapa ndipo penye somo langu. Mabomba ya kuchimbia huungwa kwa hesi, yale meno ya skrubu, na aghalabu hukazwa kwa kufuata mishale ya saa. Mtambo nao huchimba kwa kufuata mishale ya saa. Kwa hiyo kadiri unavyochimba, ndivyo mabomba yanavyozidi kukazana. Ukiyatoa, unalibana kwanza bomba la chini pale mdomoni mwa kisima, kisha unarudisha mtambo nyuma, na kiungo kilichoko mbele ya macho yako kinafunguka. Hiyo ndiyo kazi ya mkanda uliopishana. Lakini ukirudisha nyuma mabomba yakiwa yananing'inia kisimani na hakuna kilichobanwa, hujui ni kiungo kipi kitakachofunguka. Kitafunguka kile kilicholegea kuliko vyote.

Ndugu zangu, mimi niliyajua hayo mwaka 2009, na niliyajua vibaya.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miaka mitatu kabla yake. Nilitumwa kusimamia uchimbaji wa kisima katika kijiji kimoja cha Kanda ya Kati, ambako akina mama walikuwa wakifukua mchanga wa korongo ili wapate ndoo moja. Mkandarasi alikuwa na mtambo mdogo uliotengenezwa karakana, wenye mikanda miwili kama nilivyoeleza. Aliyeuendesha alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, elimu yake darasa la saba. Tulifika mita 42, mabomba 14 ya mita tatu tatu, na kichwa cha kukatia kikanaswa katika udongo wa mfinyanzi.

Mzee alitaka kuendelea kusukuma maji kisimani, kupandisha na kushusha polepole, huku akizungusha mbele tu. Alisema inaweza kuchukua siku nzima. Ilikuwa Alhamisi, na gari langu lilikuwa linatakiwa makao makuu siku ya Ijumaa. Nikafikiri kama dereva aliyekwama kwenye tope. Nikamwambia, rudisha nyuma.

Akaniambia, "Injinia, tukirudisha nyuma mabomba yatafunguka huko chini."

Nikamjibu, "Wewe endesha. Anayesaini ni mimi."

Aliuvuta mkono. Mkanda uliopishana ukapanda, ukashika, na baada ya muda mfupi sauti ya injini ikawa nyepesi. Nilifurahi. Nilidhani tumenasuka. Mzee hakusema neno. Alianza kuvuta mabomba, moja, mawili, matatu, manne, matano. La tano ndilo lililokuwa la mwisho. Mabomba tisa na kichwa cha kukatia vilibaki chini. Tulijaribu kwa siku tatu kuyavua kwa chuma chenye hesi, lakini kuta za shimo zilikuwa zimekwisha bomoka juu yake. Kisima kikaachwa. Gari, bila shaka, halikurudi Ijumaa.

Akina mama walirudi korongoni. Kisima kingine kilichimbwa hatua 30 kutoka pale baada ya miezi miwili, na maji yakapatikana. Miezi miwili katika kiangazi cha Kanda ya Kati si muda mfupi kwa mtu mwenye ndoo kichwani.

Kama mambo yangeishia hapo, ningeyaita makosa ya ujana. Lakini niliandika taarifa. Niliandika kwamba kisima kimeachwa kwa sababu ya hitilafu ya mtambo. Haikuwa kweli. Mtambo haukuwa na hitilafu yoyote. Ulifanya kama ulivyoagizwa. Taarifa ilipita kutoka meza hadi meza bila mtu kuuliza, kwa kuwa ilikuwa na muhuri na saini. Baada ya miezi mitatu niliona katika makaratasi ya malipo kwamba mkandarasi, kwa kuitegemea taarifa yangu, alimkata yule mzee mshahara ili kufidia mabomba tisa, kwa maelezo kwamba mwendeshaji ndiye mwenye dhamana ya mtambo.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Hatimaye niliandika barua ya kusahihisha taarifa, nikasema amri ilikuwa yangu na kwamba mwendeshaji alinionya. Barua hiyo iliniwia ngumu kuliko mtihani wowote nilioufanya katika ukumbi huu. Nilipewa onyo la maandishi, na nilistahili. Mzee alirudishiwa fedha zake, lakini wakati huo alikwisha acha kazi na kurudi kwao.

Nilimfuata kumwomba radhi. Nilimkuta anaendesha mashine ya kusaga, injini ya dizeli upande mmoja, kinu upande wa pili. Alinikaribisha chai. Hakunilaumu kwa mabomba. Alisema jambo moja tu: "Injinia, siku zote tulizokaa pale hukuutazama mtambo hata mara moja. Ulitazama karatasi." Kisha akanyanyuka kwenda kuongeza maji ya injini, maana wateja walikuwa wanangoja.

Siku hizi mitambo mingi ya kuchimbia visima inaendeshwa kwa mafuta yaliyoshinikizwa ndani ya mipira, na kugeuza mwendo ni kusogeza mkono mdogo wa vali. Mota ya umeme ya njia tatu nayo hugeuka kwa kubadilishana nyaya mbili tu. Mtu anaweza kudhani basi habari ya mikanda imepitwa na wakati. Lakini hesi za mabomba bado ni zilezile, na udongo wa mfinyanzi ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba zamani kosa hilo lilitaka nguvu ya mkono, na sasa linataka kidole kimoja. Tena zamani mkanda ulionekana kwa macho. Aliyetaka kujifunza aliweza kusimama na kuufuatisha kutoka injini mpaka kwenye bomba. Ndani ya mpira wa mafuta huoni kitu.

Kwa hiyo basi, nina ombi moja kwa kila upande. Kwa wenzangu: nimepita asubuhi kwenye karakana ya shule, nimekuta imefungwa na kufuli limeshika kutu. Naomba michango yetu ya mwaka huu ianzie pale, kabla ya kupaka rangi geti. Kwa walimu: naomba vijana wajenge mfano wa mtambo wa mikanda miwili. Mbao zinatosha kwa puli, na tyubu ya baiskeli iliyokatwa inatosha kwa mikanda. Mimi nimekuja na vipande viwili vya bomba vyenye hesi. Viko pale mezani, ni mali ya shule tangu leo. Vining'inizeni kwenye mfano huo, kila kijana auvute mkono mwenyewe, aone ni kipi kinachoanguka.

Nanyi vijana: wengi wenu mtapata vyeti, na baadhi yenu mtapewa saini. Mtakutana na mtu aliyeishia darasa la saba, mikono yake ina grisi, anakwambia "tukifanya hivi itafunguka huko chini." Mwulizeni kwa nini, na mngoje jibu. Kuuliza si ujinga. Mimi ningeuliza nyuma ya jiko la shule hii, nikiwa na gunia la mahindi miguuni, kisima kile kingekuwa na maji miezi miwili mapema.